Kinga ya Mapipa na Nyama ya Safari ya Baba

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Wengine huukumbuka ujana wao kwa nyimbo na nguo walizovaa. Mimi naukumbuka kwa harufu ya nyama ya ng'ombe iliyochacha ndani huku nje ikiwa nzuri, kahawia, inang'aa mafuta. Weka hiyo nyundo chini uje ukae hapa. Nimekuona tangu asubuhi unapinda mabati, unakizungushia kichanja chako ukuta ili upepo wa ziwa usikuchezee moto. Kazi yako ni safi kuliko ilivyokuwa yangu, na ndiyo maana naogopa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mbelgiji bado yupo, na sisi tulikaa Kalundu, katika nyumba ya udongo iliyokuwa juu kidogo ya bandari, mgongo wake umeelekea mlima. Mama yangu alikuwa amekufa zamani. Mle ndani tulikuwa watatu: baba, mimi, na dada yake baba, Shangazi Veronika, ambaye ndiye aliyenilea. Wa nne alikuwa kaka yangu Anzelemi, lakini yeye alikuwa ameondoka. Alitia kidole kwenye kontra, ule mkataba wa kazi, ya migodi ya kusini, akapanda meli pamoja na vijana wenzake huku anacheka, anatupungia kofia. Mwanzoni tulipata salamu zake. Halafu zikakatika.

Kiangazi kimoja akaja mtu aliyemaliza kontra yake huko, akatuletea maneno ya Anzelemi kwa mdomo. Alisema amekonda, anakohoa, hafanyi kazi tena, amelala tu kambini, na hana nguvu za kupanda meli peke yake. Yule mtu alisita, akamtazama baba, akasema kwamba haya ya mwisho ameagizwa ayafikishe kama yalivyo: "Mwambie baba anifuate. Minye sitaki kuzikwa na watu wasiojua jina langu."

Baba alivaa viatu vyake vya Jumapili ingawa haikuwa Jumapili, akashika njia ya kwenda uwanda wa Ruzizi, kwa rafiki yake mkulima aliyemtunzia dume lake la ng'ombe. Lilikuwa dume moja tu, na ndilo lilikuwa mali yake yote. Likachinjwa. Sehemu ikauzwa, ikawa nauli ya kwenda, na ya watu wawili kurudi. Iliyobaki ililetwa nyumbani ikaushwe kwa moshi. Baba angekula njiani, na akifika ampikie Anzelemi mchuzi kila siku mpaka apate nguvu ya kusimama na kupanda meli. Unaona jinsi mambo yalivyopangwa? Kaka yangu kurudi nyumbani kulitegemea ile nyama, na nyama ilitegemea mikono yangu. Meli ilikuwa iondoke baada ya siku nne.

Sasa sikiliza habari ya upepo. Wewe umezaliwa nao, lakini hujawahi kukaa nao mchana kutwa ukiwa na moto mbele yako. Wakati wa kiangazi, jua likishapanda, upepo hutoka ziwani ukaja kupiga uwanja wetu. Unauamsha moto, nyama inaungua nje, majivu yanaruka juu yake. Jioni unageuka, unashuka kutoka mlimani. Shangazi alikuwa na kinga ya matete, jamvi zito alilolifunga kwenye miti miwili, na alilihamisha kufuata upepo. Halikugusa ardhi hata siku moja. Chini aliacha nafasi ya kiganja kilichosimama, ili hewa iingie kwa chini, ipande polepole na moshi, itoke juu imebeba maji ya nyama. Kazi hiyo ni ya kukaa hapohapo siku tatu. Huendi sokoni, huendi kanisani, huendi popote.

Siku tatu! Na mimi nilikuwa na fundi cherehani. Usicheke. Alikuwa anashona kwenye baraza ya duka moja karibu na bandari, na kila alasiri nilikuwa napita pale na kikapu kisicho na kitu ndani, najifanya natoka mahali. Baadaye alioa mwingine, nami nikaolewa na babu yako, yakaisha. Lakini wakati huo niliona nikikosa kumpitia siku tatu, nitakuwa nimekufa.

Basi nikajitia ujuzi. Bandarini kulikuwa na mapipa yaliyotoboka, yametupwa. Nikaomba mawili, nikayaviringisha mpaka nyumbani, watoto wananishangilia njia nzima. Nikayapasua kwa shoka, nikayanyoosha kwa jiwe, nikayachoma kwanza kwenye moto mkali mpaka mafuta yote yakaisha, maana upumbavu wangu haukufika huko. Nikayasimamisha kuzunguka kichanja, nikayafunga kwa waya, ncha kwa ncha. Chini yalipoacha mwanya kwenye ardhi, nikaziba kwa udongo mbichi, nikaupapasa kwa maji ukawa laini kabisa. Upepo wa ziwa ulipokuja siku ile ukagonga bati ukapita. Ndani, moto haukutikisika hata kidogo. Nilisimama pale mikono kiunoni, nikaona mimi ndiye mwanamke wa kwanza mwenye akili kuzaliwa Kalundu.

Kwa kuwa moto ulitulia, nikaikata nyama vipande vinene. Nilisema, joto limefungwa, litaingia tu lenyewe.

Shangazi alirudi kutoka shambani na mzigo wake wa muhogo kichwani. Hakuutua. Alizunguka kile kitu changu mara moja, akainama, akatafuta nafasi ya chini kwa vidole, hakuipata.

"Weye," aliniambia, "hii kinga yako iko inafunga nyama pumzi. Itaiva nje, ndani italala na maji yake. Kata mulango huku chini."

Nikamjibu kwamba watu wa zamani mnapenda kuteseka. Ndivyo nilivyomwambia mwanamke aliyenifuta makamasi, mwanangu. Shangazi alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Ukilikataa, alikuachia ulibebe mwenyewe. Akaenda kutua muhogo wake.

Siku tatu zikapita. Nilichochea moto asubuhi, nikachochea adhuhuri, alasiri nikaoga nikashuka na kikapu changu. Nyama ilikuwa inapendeza, sikudanganyi. Majirani waliopita walisimama kuitazama, wakamwambia baba kwamba binti yako ana mikono. Baba alikuwa anatembea uwanjani, anarudi kuigusa tena, anatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu yule mtu aje.

Asubuhi ya safari nikaanza kuiteremsha. Kipande kinene kuliko vyote kilikuwa kizito mkononi, kizito vibaya. Nikachukua kisu, nikakipasua. Ndani kilikuwa na rangi ya kijivu, kimelowa, kinateleza, na harufu ikanipanda puani, ile harufu niliyokuambia. Nikapasua cha pili. Nikapasua cha tatu. Vyote vilikuwa hivyohivyo.

Hapa lazima nikueleze desturi ya nyumba yetu, usije ukasema mbona wengine hawakuona. Kwetu, chakula cha msafiri kilifungwa na mkono uleule uliokikausha. Kikishafungwa, hakuna mtu aliyekifungua tena ndani ya ile nyumba. Kukifungua ilikuwa ni kumwita msafiri arudi kabla hajafika. Kwa hiyo baada yangu, ambaye angeona ni baba peke yake, akiwa katikati ya maji. Sikuwa na mtu wa kunifumania. Ningeweza tu kujifumania mwenyewe.

Na sikiliza, hili ndilo linaloniuma mpaka leo: haikuwa imechelewa. Meli ilikuwa inaondoka mchana. Kalundu nzima kila uwanja ulikuwa na ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, wameanikwa kwenye mchanga. Ningetoka pale nikasema, "Baba, nyama nimeiharibu," Shangazi angezunguka kwa majirani na kikapu, na kabla jua halijafika kichwani tungekuwa na samaki wakavu wa kumfikisha baba huko na kumlisha Anzelemi. Ningetukanwa kidogo. Watu wangenicheka juma zima, wangeyataja mapipa yangu kila nikipita, na fundi cherehani angesikia. Ni hayo tu ndiyo niliyoyaogopa. Niliogopa kuchekwa, mwanangu, nikamuuza kaka yangu.

Nikasaga pilipili na chumvi. Nikavipaka vile vipande vilivyopasuka, nikavirudisha motoni vifunge mdomo, nikavifungia katikati ya vile vyembamba ambavyo vilikuwa vizuri. Nikafunga kwa majani ya mgomba, juu nikatia gunia, nikakaza kamba kwa nguvu zangu zote.

Baba alikuja kuuchukua mzigo. Alikuwa amevaa koti. Akauliza, "Iko muzuri, mama?" Aliniita mama tangu mama yangu afe.

Nikasema, "Iko muzuri, baba."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alisogea, akauinamia ule mzigo kama anayetaka kuusaidia kuinuka, na nikaona pua yake inafanya kazi. Pilipili ilikuwa nyingi. Alinyanyuka akanitazama usoni. "Weye peke yako ndiye unayejua kilicho ndani," akasema. Baba alidhani ni maneno ya desturi. Mimi nilijua ananifungulia mlango wa mwisho. Nikatazama chini.

Tulimsindikiza mpaka gatini. Alipanda na mzigo wake begani, akageuka, akatupungia kofia kama Anzelemi alivyofanya. Mimi nilisimama pale nikijiambia labda chumvi itafanya kazi. Labda upepo wa ziwani utaikausha. Nilikuwa na labda nyingi.

Baba alirudi baada ya wiki tano, peke yake. Alishuka kwenye meli akishikwa mkono na baharia, na koti lake lilikuwa linaning'inia. Alitusimulia akiwa amekaa kitandani, anapumzika kila baada ya maneno machache. Siku ya pili ya safari alikula ile nyama, jioni yake tumbo likamkamata, akatapika, akaharisha mpaka damu. Mabaharia waliogopa ni ugonjwa wa kuambukiza. Wakamshusha kwenye bandari moja ndogo ya njiani, watu wa pale wakamhurumia, wakamlaza kwao. Alipoweza kusimama, nauli ilikuwa imekwisha kwa dawa na chakula. Iliyobaki ilitosha kurudi tu.

Kisha akanishika mkono. Haya maneno nitazikwa nayo.

"Mama, unisamehe. Nyama yako nzuri niliiharibu minye. Niliiweka karibu na mashine, kwenye joto. Nilisikia inanuka, nikasema mutoto wangu alisema iko muzuri, basi ni pua yangu inanidanganya. Nikakula."

Shangazi alikuwa pale pembeni anasonga ugali. Aliacha kusonga. Akangoja. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na baba yangu, anayeniomba msamaha kwa kosa langu. Nikasema, "Si kitu, baba." Shangazi akaendelea kusonga.

Miezi miwili baadaye, baba alipoanza kutafuta nauli nyingine, wakaja watu wengine kutoka kusini. Hawakuhitaji kusema, tuliona jinsi walivyovua kofia. Anzelemi alikuwa amekufa. Mmoja wao alilala naye chumba kimoja. Alisema kila siku ya meli Anzelemi alikuwa anauliza, "Bato imefika? Baba hajashuka?" Aliuliza hivyo mpaka siku ya mwisho. Walimzika kwenye uwanja wa kambi, na msalaba ulikuwa na namba. Kaburi lake hatukuliona na hatutaliona. Jina lake halipo pale.

Unadhani niliungama hapo? Hapana. Jambo lilikuwa limekua kubwa kuliko mdomo wangu. Nyama iliyooza ningeweza kuitaja, lakini kaka aliyekufa ningemtajaje?

Baba aliishi miaka mingine tisa. Alivuna, alisali, alicheza na mama yako alipozaliwa. Lakini kila siku ya meli alishuka gatini akakaa juu ya mawe, na ukimwuliza anangoja nini, anasema, "Naangalia tu." Ukikaa naye zaidi utamsikia anasema, "Minye nilishindwa safari ya siku chache. Mutoto aliniita, nikashindwa." Alisema hivyo kwa padri, kwa majirani, kwa rafiki yake wa uwanda alipokuja kumtembelea. Aliubeba ule mzigo niliomfungia mimi, na hakuutua.

Na ile kinga, mwanangu, aliipenda. Aliitunza. Waya zikikatika alifunga nyingine. Mwaka uliofuata nilichukua shoka nikaikata nafasi chini, kiganja kilichosimama, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Baba akaja kuniuliza kwa nini naharibu kitu kizuri hivyo. Tulikuwa wawili tu uwanjani, mchana mweupe. Ningesema pale. Nikamwambia hivi itavuta moshi vizuri zaidi. Akaitikia kwa kichwa, akanisaidia kunyoosha kingo nisije nikajikata.

Alikufa alasiri moja ya masika. Aliumwa juma moja, siku tatu za mwisho hakujua mtu. Alipokuwa anavuta pumzi za mwisho, kile kilichokuwa kimenikaba miaka tisa kikatoka chenyewe. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye sikio lake, nikasema yote. Nilisema habari ya mapipa, udongo niliozibia, kisu, pilipili. Nikamwambia si wewe baba, ni mimi, wewe hukushindwa, ni mimi niliyekulisha sumu na ni mimi niliyemwacha Anzelemi. Nilikuwa napiga kelele. Mkono wake ulikuwa umeanza kupoa.

Shangazi Veronika, wakati huo mzee kuliko nilivyo mimi leo, alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Miaka yote tisa hakunitaja kwa mtu. Akanyoosha mkono, akamfumba baba macho. Akaniuliza, bila hasira yoyote:

"Sasa unamwambia nani, weye?"



Kwa hiyo, mwanangu, sikukuita ili nikufundishe kubanika nyama, ingawa hapo chini utakata nafasi ya kiganja, na hilo silijadili na wewe. Kuharibu utaharibu. Mikono yote huharibu, na ya wenye akili ndiyo zaidi. Nimekuita kwa ajili ya ile saa inayofuata, ile ambayo wewe umeshajua na wengine bado. Saa hiyo ni fupi, na aibu yake utaiona ni kubwa kama mlima, kumbe ni ya juma moja la kuchekwa. Ukiipitisha bila kusema, mtu mwingine atakula ulichokifunga, na anayekupenda zaidi ndiye atakayekula bila kunusa, kwa sababu ulimwambia iko muzuri. Usidhani utasema kesho. Kesho lile neno litakuwa limekua, na keshokutwa halipiti mlangoni. Sema wakati mwenye sikio bado anasikia. Ukiharibu chochote katika nyumba hii, hata kama ni saa ambayo gari linawaka na mzigo umefungwa, njoo uniamshe, unikatize, uniambie. Nitakutukana, najijua. Halafu tutatafuta ndakala.

Basi nenda kamalizie kazi yako, upepo unaanza. Mungu akuepushe na kimya changu. Akupe mdomo usioogopa kuchekwa, na baba na mama watakaokusikia wangali hai. Na kila utakayemfungia chakula cha njiani, afike, ale, ashibe, arudi na yule aliyemfuata.